Lewis Tappan na Madaftari ya Uaminifu

Katika mwezi wa Mei mwaka 1837 nyumba ya biashara ya Arthur Tappan, iliyosifika mjini New York kwa kuuza hariri kwa jumla, iliwatangazia wadai wake kwamba haina fedha za kuwalipa. Deni lilizidi dola 1,100,000, na kwa siku zile hizo zilikuwa fedha za kutisha. Wala hakuanguka yeye peke yake. Bei ya pamba ilikuwa imeporomoka, na tarehe 10 ya mwezi ule ule mabenki ya New York yaliacha kutoa dhahabu na fedha kwa noti zao. Wafanyabiashara wengi walifunga milango, na wengine wakapatana na wadai wao kulipa sehemu tu ya deni. Ndugu wawili wa ukoo wa Tappan hawakutaka njia hiyo. Waliomba muda, wakapewa, na kwa miezi kumi na minane hivi walilipa deni lote pamoja na riba yake.

Kazi nzito ya kulikusanya deni hilo iliangukia mabega ya mdogo mtu, Lewis, ambaye mwezi ule alikuwa akitimiza miaka 49. Waliokuwa na fedha za duka mikononi mwao walikuwa wenye maduka wa miji midogo, waliochukua hariri kwa mkopo na kwenda nayo mbali. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na Lewis aliyaona matanga hayo kwa macho yake. Wako waliolipa mara moja, wako walionyamaza, na wako waliohama. Katika taabu hiyo alijifunza jambo moja ambalo baadaye lilimpa utajiri wa pili: mfanyabiashara wa New York alikuwa akiwapa mali yake watu asiowajua hata kidogo.

Lewis Tappan alizaliwa tarehe 23 Mei 1788 katika mji wa Northampton, jimbo la Massachusetts. Baba yake alikuwa mwenye duka, na mama yake, Sarah, alikuwa mshika dini wa mapokeo ya Calvin, aliyewalea watoto wake wengi katika sala na hofu ya Mungu. Kijana akiwa bado hajatimiza miaka ishirini alipelekwa Boston kujifunza kazi dukani. Alifanikiwa upesi. Akafungua duka lake mwenyewe, akaoa, akajiunga na kanisa la Wayunitaria, ambalo halikiri Utatu, na ambalo matajiri wengi wa Boston walisali humo. Mama yake alihuzunika sana. Kisha Lewis akaweka fedha zake katika viwanda vya kufuma nguo, navyo vikamla. Mwaka 1827 alirudi katika imani ya mama yake, na mwaka 1828 akahamia New York kufanya kazi na kaka yake Arthur, aliyekuwa amemwokoa katika madeni yake.

Ndugu hao hawakufanana. Arthur alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kuumwa kichwa mara kwa mara, na chakula chake cha mchana dukani kilikuwa biskuti kavu na bilauri ya maji. Lewis alikuwa mchangamfu, mwepesi wa kalamu na mwepesi zaidi wa kubishana. Lakini katika mwenendo wa duka walikuwa kitu kimoja. Kila bidhaa ilikuwa na bei moja kwa kila mtu. Hapakuwa na kupatana. Faida ilikuwa ndogo, nayo mali ilitoka kwa wingi. Makarani walitakiwa kwenda kanisani mara mbili kila Jumapili, wasikanyage nyumba za michezo ya kuigiza, na wawe wamerudi nyumbani kabla ya saa nne usiku. Bila shaka si kila kijana aliyefurahia kanuni hizo, lakini wenye kutafuta karani mwaminifu walijua pa kumpata.

Wakati ule faida ya duka ilitoka kwa mkono mmoja kuingia na kutoka kwa mkono wa pili kwenda katika makanisa, shule za Jumapili, uchapaji wa Biblia na vita dhidi ya ulevi. Hakuna aliyewachukia kwa hayo. Chuki ilianza walipogusa utumwa. Desemba 1833 mkutano uliofanyika Philadelphia uliunda Chama cha Marekani cha Kupinga Utumwa, na Arthur akachaguliwa kuwa rais wake wa kwanza. Lewis alikuwa katika kamati iliyoendesha kazi. Hawakuomba watumwa wahurumiwe tu au wapelekwe makwao polepole, kama wengine walivyosema. Walidai waachwe huru mara moja, na tena wahesabiwe kuwa raia sawa na watu wengine.

Ili kufahamu ukubwa wa jambo hili ni lazima kujua New York ilikuwa ikila nini. Pamba ya majimbo ya kusini, iliyolimwa na watumwa, ilipita mikononi mwa mabenki, wenye merikebu na wenye bima wa mji huo. Wanunuzi wa kusini walikuja kila mwaka kuchukua nguo, viatu, vyuma na hariri. Kwa hiyo mwenye duka aliyewasema wenye watumwa alikuwa akiwasema wateja wake mwenyewe, na wateja wa jirani zake pia. Arthur alipomkaribisha mchungaji mwafrika, Samuel Cornish, aketi katika benchi yake kanisani, kulizuka manung'uniko makubwa miongoni mwa waumini waliokuwa wakiimba naye zaburi kila juma.

Mwezi wa Julai 1834 manung'uniko yaligeuka kuwa moto. Usiku wa tarehe 9 kundi la watu wenye ghasia lilikwenda nyumbani kwa Lewis katika Rose Street. Mwenyewe na jamaa yake hawakuwamo. Walivunja milango na madirisha, wakatoa viti, vitanda na meza, wakavirundika njiani na kuvitia moto. Inasimuliwa kwamba mmoja alipotoa picha ya George Washington, wenzake walipiga kelele isichomwe, ikaokolewa kwa heshima kubwa, na huku mali ya mtu aliyetaka uhuru ikiendelea kuteketea. Duka la Pearl Street nalo lilivamiwa, lakini Arthur alikuwa amewapa makarani wake bunduki, na wavamizi waliposikia habari hiyo walitawanyika. Ghasia ziliendelea siku kadha, na walioumia zaidi walikuwa watu weusi wa mji, ambao makanisa na nyumba zao zilibomolewa.

Lewis hakuikarabati nyumba yake mara moja. Aliiacha vile vile majira yote ya kiangazi, madirisha yakiwa wazi na milango imevunjwa, ili kila apitaye aione. Alisema nyumba hiyo itahubiri bila sauti.

Desemba 1835 moto mkubwa uliunguza mtaa wa biashara wa New York, usiku wa baridi kali hata maji yaliganda katika mipira ya kuzimia moto. Duka la ndugu hao likaungua. Walijenga tena, na mwaka mmoja na nusu baadaye ndipo lilipokuja lile anguko la 1837. Mtu angedhani kwamba baada ya mapigo hayo matatu Lewis angeketi kimya na kuangalia mambo ya nyumba yake.

Mwishoni mwa Agosti 1839 manowari ya Marekani iliikamata merikebu iitwayo Amistad karibu na kisiwa cha Long Island. Ndani yake walikuwamo Waafrika, na Wahispania wawili, Ruiz na Montes, waliodai kwamba watu hao ni watumwa wao. Kweli yenyewe ilikuwa hivi. Watu hao, wengi wao Wamende kutoka nchi ambayo leo ni Sierra Leone, walikuwa wametekwa na kuvushwa bahari mpaka Havana, ingawa mapatano kati ya Uhispania na Uingereza yalikuwa yamepiga marufuku biashara hiyo tangu mwaka 1820. Huko waliandikiwa vyeti vya uongo vyenye majina ya Kihispania, ili waonekane ni wazaliwa wa Cuba. Watu 53, wanne kati yao wakiwa watoto, walipakiwa katika Amistad. Mapema Julai mmoja wao, Sengbe Pieh, ambaye magazeti ya Marekani yalimwita Cinqué, aliwaongoza wenzake kujifungua minyororo. Nahodha aliuawa, na Wahispania wawili wakaamriwa kuelekeza merikebu mashariki, kunakochomoza jua, ndiko kwao. Mchana Montes alifanya hivyo, lakini usiku alikuwa akiigeuza kaskazini. Ndivyo walivyofika Marekani, wakiwa na njaa na kiu, na wengine wamekwisha kufa.

Walifungwa katika gereza la New Haven, jimbo la Connecticut, wakishitakiwa kwa mauaji na kudaiwa kama mizigo. Serikali ya Rais Van Buren ilitaka kuwarudisha kwa Wahispania. Hakuna mtu gerezani aliyejua lugha yao. Septemba hiyo Lewis Tappan, pamoja na wachungaji wawili, Simeon Jocelyn na Joshua Leavitt, waliunda kamati ya kuwatetea, wakatangaza magazetini kwamba wanaomba fedha.

Hapa ndipo tabia ya mwenye duka ilipofaa. Wengi walijua kutoa hotuba kuhusu utumwa, lakini kesi huendeshwa kwa wakili, mkalimani, chakula, nguo, nauli na stakabadhi. Lewis alishughulikia hayo yote. Alikwenda New Haven kuwaona wafungwa kwa macho yake, akaandika habari zao magazetini mtu kwa mtu, kwa majina yao ya kweli. Mtu mwenye jina na mama na mji alikotoka si rahisi kuitwa mzigo. Profesa Josiah Gibbs wa chuo cha Yale alijifunza kutoka kwao kuhesabu moja mpaka kumi kwa Kimende, kisha akaenda katika gati za New York akihesabu kwa sauti mbele ya mabaharia, mpaka kijana mmoja, James Covey, aliyekuwa akitumikia manowari ya Kiingereza, akaitambua lugha ile. Covey naye alikuwa amewahi kutekwa na kuokolewa baharini. Tangu siku hiyo wafungwa waliweza kujieleza wenyewe.

Lewis alifanya na jambo jingine lililowashangaza watu. Oktoba aliwasaidia Waafrika kufungua mashitaka ya kupigwa na kufungwa bila haki, na Ruiz na Montes wakakamatwa New York na kutiwa ndani. Magazeti ya kusini yalimtukana, na hata baadhi ya rafiki zake waliona amepita kiasi. Lakini hesabu yake ilikuwa rahisi: ikiwa watu hawa ni watu, basi wanaweza kudai.

Januari 1840 manowari ndogo ilikuwa ikingoja karibu na New Haven ili iwachukue wafungwa na kuwapeleka Cuba mara hukumu itakapotolewa. Hakimu Judson, ambaye hakujulikana kwa kuwapenda watu weusi, aliamua kinyume cha matumaini ya serikali: walizaliwa huru na walitekwa bila haki. Serikali ikakata rufaa. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, ambako mahakimu wengi walitoka katika majimbo ya watumwa. Kamati ilimwomba John Quincy Adams, aliyekuwa Rais kutoka 1825 mpaka 1829, ajiunge na wakili Roger Baldwin. Adams alikuwa na miaka 73, hakusimama mbele ya mahakama hiyo kwa miaka mingi, na mwenyewe alihofu kwamba uzee utamwangusha. Alisema kwa saa nane na nusu katika siku mbili. Tarehe 9 Machi 1841 Hakimu Joseph Story alisoma hukumu: hawakuwa watumwa wa mtu yeyote, walikuwa na haki ya kuupigania uhuru wao, basi waende zao.

Waende wapi, na kwa nauli ya nani? Mahakama haikuiagiza serikali kuwarudisha kwao. Kamati iliwaweka katika mji wa Farmington, wakalima, wakajifunza kusoma, na wakaonyeshwa katika makanisa wakisoma na kuimba mbele ya watu waliolipa kiingilio. Kwa macho ya leo maonyesho hayo yana uchungu ndani yake, maana watu waliokwisha kushinda kesi walilazimika bado kujionyesha ili wapate njia ya kurudi kwao. Lakini fedha zilipatikana. Mwishoni mwa Novemba 1841 waliobaki, 35 tu, walipanda merikebu, na Januari 1842 wakatia nanga Sierra Leone.

Mwaka huo huo wa 1841, wakati kesi imekwisha na nauli bado inatafutwa, Lewis alifungua ofisi ya namna ambayo haikuwa imeonekana Marekani. Aliiita Wakala wa Biashara. Mali bila daftari huisha bila habari, naye alikuwa na daftari ambalo kila mfanyabiashara wa jumla alilihitaji. Katika kila mji mdogo alitafuta mtu wa kumwandikia habari, mara nyingi wakili. Huyo aliandika kuhusu kila mwenye duka wa mji wake: ana umri gani, ana mali gani, anadaiwa nini, ni mlevi au mcheza kamari, mke wake ni mtu wa namna gani, hulipa kwa wakati au husukumwa. Makarani wa New York walizinakili barua hizo katika madaftari makubwa. Mteja aliyelipa ada ya mwaka alikuja ofisini, akataja jina la mtu aliyetaka kukopa hariri yake, naye karani akamsomea. Hakuruhusiwa kuondoka na karatasi. Wakili hakulipwa mshahara. Malipo yake yalikuwa kupewa kazi ya kudai madeni katika mji wake. Inasemekana kwamba mmoja wa mawakili walioandika habari hizo katika miaka iliyofuata alikuwa Abraham Lincoln wa Illinois.

Mwanzoni wengi waliona haya kujiunga, wakisema huu ni upelelezi. Majimbo ya kusini yalikataa kabisa kumwandikia mpinga utumwa. Lakini waliokuwa wameumia mwaka 1837 hawakusahau, na ofisi ikastawi. Mtu maskini aliyekuwa mwaminifu alipata faida, kwa sababu sasa neno lake liliweza kumtangulia mpaka New York. Hakuhitaji kuwa na mjomba tajiri wa kumdhamini.

Lakini upande wa pili wa daftari ulikuwepo. Aliyeandikwa vibaya hakujua ameandikwa nini, wala na nani. Mwaka 1848 ofisi ilitoa habari kwamba mke wa mfanyabiashara mmoja wa Ohio yu karibu kudai talaka, na kwamba duka lake limo hatarini. Yule mtu alishitaki, na mwaka 1851 mahakama iliamua alipwe dola 10,000. Rufaa ilikwenda polepole hata Mahakama Kuu ikaitengua hukumu hiyo mwaka 1870. Lewis hakuonekana kusumbuliwa na swali la haki ya yule aliyeandikwa. Yeye aliyekuwa ameacha nyumba yake wazi ili watu wote waione, labda hakufahamu kwa nini mtu mwingine angetaka kufunga mlango wake.

Ukali huo ulikuwa sehemu ya tabia yake. Mei 1840 mwanamke alipochaguliwa kuingia katika kamati ya Chama cha Kupinga Utumwa, Lewis alitoka na wenzake wakaunda chama kingine, na nguvu ya kazi ikagawanyika. Aliyaweza mengi, lakini kukubali kwamba wanawake waketi naye mezani kujadili uhuru wa watu wengine hakukuweza. Kanisani pia aligombana na wachungaji na wazee mara nyingi, hasa kuhusu mahali watu weusi watakapoketi. Katika ugomvi huo haki ilikuwa upande wake, ijapokuwa upole haukuwa.

Mwaka 1849 aliiacha biashara, akiwa na mali ya kumtosha, na ofisi ikabaki mikononi mwa wengine. Kampuni iliyotokana nayo, Dun & Bradstreet, ilipata jina hilo katika karne ya ishirini, na madaftari yake ya karne ya kumi na tisa, zaidi ya 2,500, yamehifadhiwa katika maktaba ya chuo cha Harvard. Lewis mwenyewe alihamia kazi ambayo ilianza na wale wafungwa wa New Haven. Mwaka 1846 kamati yao iliungana na vyama vingine kuunda American Missionary Association, na yeye akawa mtunza hazina. Chama hicho kilikataa sadaka kutoka kwa wenye watumwa. Vita vya 1861 mpaka 1865 vilipokwisha na utumwa kufutwa, kilianzisha shule mamia kwa waliokombolewa. Miongoni mwa zilizokua na kuwa vyuo vikuu ni Fisk huko Tennessee na Hampton huko Virginia. Mmoja wa watoto wanne wa Amistad, Margru, alirudishwa Marekani, akasoma Oberlin, chuo ambacho ndugu wa Tappan walikisaidia kwa fedha na ambacho kiliwapokea wanafunzi weusi tangu 1835. Kisha alirudi kwao Sierra Leone akawa mwalimu.

Arthur alikufa mwaka 1865, na miaka mitano baadaye Lewis alichapisha kitabu cha maisha yake. Kabla ya hapo, mwaka 1869, alikuwa ametoa kijitabu kidogo chenye kuuliza kama ni halali mtu kuwa tajiri. Jibu lake lilikuwa kwamba Mkristo hana ruhusa ya kurundika mali ibaki nyuma yake akifa. Aigawe angali hai, aone inakokwenda. Alikuwa na miaka zaidi ya themanini alipoandika hayo. Alikufa Brooklyn tarehe 21 Juni 1873.